Maji Kwanza, Mche Baadaye

Masika yakikaribia, boti za Mokowe huvuka kuja Lamu na miche pamoja na abiria. Utaiona imesimamishwa ndani ya karai au imeegemezwa magunia ya unga: miembe ya futi mbili kutoka vitalu vya Mpeketoni, milimau, mikomamanga, pengine mstafeli mmoja ulioagizwa na mtu wa Shela. Yote ina majani yanayong'aa. Ukipita kwenye nyua ilikopandwa Machi inayofuata, utakuta baadhi ya miti imeshika na mingine imebaki vijiti. Mwenye ua atakwambia hana mkono wa kupanda, au mchanga wa kwao haukubali embe, au mti wake umepigwa jicho. Mimi naiona sababu iko karibu zaidi. Alinunua mche kabla ya kuyajua maji atakayounywesha. Katika visiwa hivi maji ndiyo yanayoamua upande mti gani, uupande lini na uupande wapi. Yaliyobaki ni kazi ya mikono, na mikono hufundishika.

Hatuna mto, si Lamu, si Manda, si Pate. Tunachokunywa na kumwagilia ni mvua iliyopenya mchangani ikakaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo ghala letu kubwa, na mji wa Lamu unategemea visima vilivyochimbwa huko. Tabaka hilo la maji matamu ni jembamba. Ukilivuta kwa pampu mchana kutwa, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kilichokuwa kitamu mwezi wa Juni huwa cha kukunja uso ifikapo Machi. Mji wa Takwa kule Manda ulihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Kama watu walihama kwa ajili ya maji, usitarajie mlimau uvumilie.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, onja maji ya kisima chako mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi, yanapokuwa yamepungua kabisa. Usiyaonje wakati wa mvua. Wakati huo kila kisima ni kitamu. Ukiisikia chumvi ulimini, jua kwamba mlimau, mndimu, mchungwa na mchenza nayo itaisikia mizizini, tena itaisikia kila siku. Mwembe hauko mbali na hiyo. Mparachichi ndio dhaifu kuliko yote, na sioni kwa nini mtu mwenye kisima cha magadi apoteze pesa zake kwa mti huo, hata akisifiwa namna gani na muuzaji. Mpera na mkomamanga huvumilia zaidi. Mkunazi huvumilia kuliko hiyo. Mtende na mnazi ndio wenyewe hasa wa maji haya. Mwenye kisima kibaya bado anaweza kula matunda ya uani kwake, mradi achague mti unaokubaliana na kisima hicho.

Kuna njia ya pili, nayo ni kuutafutia mti maji mengine. Lamu Mashariki, ambako watu wanaishi kwa maji ya mvua yanayohifadhiwa katika jabia, hakuna atakayemwaga maji ya kunywa kwenye mwembe, na ni haki yake. Lakini maji ya udhu ni hazina ambayo nyumba nyingi zinaiachia mfereji. Hayana sabuni, hayana mafuta, na nyumba ya watu watano au sita wanaoswali humwaga kila siku maji yanayotosha mti mmoja na zaidi. Ukiweza kupitisha bomba dogo au mfereji wa saruji kutoka pale mnapotawadhia hadi kwenye shina, umemaliza nusu ya kazi ya mwaka wa kwanza. Maji ya kuoshea mchele nayo ni mazuri. Maji ya kufulia yaache, kwa sababu sabuni ina magadi ambayo hujilimbikiza udongoni na kufanya kazi ile ile ya chumvi. Maji ya kuoshea samaki waliotiwa chumvi sina haja ya kuyasema.

Jambo la pili ni majira, na hapa nina msimamo mkali kidogo: atika wakati wa masika, usingoje vuli. Najua vitabu vingi vya kilimo vinasema mvua yoyote inafaa, na huko bara inaweza kuwa kweli. Kwetu mvua kubwa huanza Aprili, hushika kasi Mei na kupungua Juni. Vuli ya Oktoba na Novemba ni haba, na kuna miaka haiji kabisa. Baada ya hapo kaskazi hukauka kuanzia Januari hadi Machi: jua kali, upepo mkavu, visima chini. Miezi hiyo mitatu ndiyo mtihani wa kila mti mchanga wa visiwani. Mche ulioatikwa mwishoni mwa Aprili una miezi minane ya kuteremsha mizizi kabla ya mtihani huo. Ulioatikwa Novemba una miezi miwili tu, na mara nyingi hutegemea ndoo yako peke yake.

Hata masika usikimbilie manyunyu ya kwanza. Fukua mchanga kwa mkono. Ukiona umelowa hadi kwenye kiwiko, wakati umefika. Lakini shimo lichimbwe mapema, Machi hiyo hiyo unapoonja kisima, ili lipate wiki tatu au nne za kutulia.

Mche wa kununua uwe mdogo. Hili linawashinda wengi, kwa kuwa mche mrefu unapendeza na mtu anadhani amenunua mwaka mzima wa kungoja. Mche uliokaa mno kwenye kiriba chake mizizi yake imeshagonga chini ikageuka, ikajizungusha kama kamba ya nanga iliyokunjwa sitahani. Ukiupanda hivyo, itaendelea kuzunguka mle mle shimoni, na baada ya miaka miwili upepo wa kusi utaung'oa mti kwa urahisi. Inua kiriba uangalie chini yake. Mzizi mmoja mwembamba uliochungulia si neno. Ukiona mizizi minene imetoka na kuingia ardhini kitaluni, acha mche huo ulipo. Mwembe wa kupandikizwa wa futi moja na nusu hadi mbili, shina unene wa kalamu ya risasi au zaidi kidogo, pale penye kiungo pamefunga vizuri bila ufa, ndio unaotakiwa. Muulize mwenye kitalu kama mche umeshazoeshwa jua. Kama ulikuwa chini ya makuti mpaka siku ya kuuzwa, ukifika nyumbani uweke kwanza kwenye kivuli cha nusu siku, uusogeze juani kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Kwa embe, wengi siku hizi wanataka embe apple kwa sababu ya soko la mjini. Ni tunda zuri. Lakini mimi kwa ua wa Lamu ningeanza na ngowe, lile embe refu jembamba, likiiva rangi yake huwa kama karoti na nyama yake haina nyuzi. Inaelezwa kwamba liliingia Lamu kutoka Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, na mti wake si mkubwa sana ukilinganisha na wa dodo, jambo ambalo mtu mwenye ua mdogo atalishukuru. Miche ya embe iliyopandikizwa huzalishwa pia na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichopo Mtwapa, kwa anayepita njia hiyo.

Safari ya botini ina hatari yake. Upepo wa mlango wa bahari hupiga majani kwa mwendo wa boti, na rasharasha za bahari huyapaka chumvi. Funika miche kwa kitambaa kibichi au leso ya zamani, usitumie plastiki, maana chini ya plastiki majani huungua. Ishushe kwa kushika kiriba, usiishike shingo. Ikifika nyumbani, iogeshe majani kwa maji matamu jioni ile ile.

Sasa shimo. Kipimo cha kawaida ni futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, lakini visiwani kuna ardhi tatu na kila moja ina desturi yake.

Mashamba ya katikati ya kisiwa cha Lamu, njia ya Matondoni na Kipungani, ni mchanga. Mchanga unachimbika kwa urahisi na unapitisha maji kwa urahisi vile vile. Ukimwaga ndoo, dakika moja baadaye hakuna hata alama. Hapa kazi yako ni kuupa mchanga kitu cha kushikia maji. Changanya udongo wa juu uliotoa shimoni na madebe mawili ya samadi iliyooza au mboji, na kama unaweza kupata debe la udongo mzito wa bara, lete. Usitie chochote kibichi chini ya shimo. Majani mabichi yakioza hutoa joto, kisha huteremka, na mti huzama pamoja nayo.

Manda na sehemu kubwa ya Pate kuna matumbawe. Jembe halitoshi, utahitaji sururu na mtaimbo. Usiridhike na shimo la kina kifupi kwa kuwa umechoka. Mzizi wa mwembe unataka kwenda chini, na ukigonga jiwe bila ufa hurudi. Chimba hadi futi tatu ukiweza, na ukipata ufa kwenye jiwe, upasue zaidi kwa mtaimbo. Kabla ya kupanda, mwaga ndoo mbili za maji ndani ya shimo tupu uangalie. Yakiisha ndani ya saa chache, ni vizuri. Yakilala hadi kesho, umechimba birika, na mti utaoza mizizi. Hapo tafuta pengine.

Ardhi ya tatu ni kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba ya mjini, na hii ndiyo inayodanganya kuliko zote. Inaonekana laini na nyeusi, lakini humo mna kifusi cha miaka mingi: vipande vya lipu, chokaa, mawe ya kuta zilizobomolewa. Chokaa huuzuia mti kuchukua madini ya chuma. Utaona majani mapya ya mlimau yanatoka ya manjano na mishipa yake tu imebaki kijani. Watu humwaga samadi zaidi, na umanjano unazidi. Dawa yake ni kuondoa ule udongo wote wa shimoni, uupeleke nje, na ujaze udongo mpya wa shamba. Utahitaji punda wa kubeba magunia. Ni gharama, lakini hulipwa mara moja tu. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono ushauri wa kutia majivu shimoni kuzuia mchwa. Kwenye udongo mwekundu wa bara majivu yana faida yake. Juu ya matumbawe na kifusi yanaongeza tatizo ambalo tayari unalo. Tumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, umwage maji yake kuzunguka shimo. Mwarobaini umejaa kila pembe ya kisiwa.

Kuhusu samadi, tuna bahati ya punda. Lakini mavi ya punda mabichi huunguza mizizi, na kwa kuwa punda hasagi majani tumboni kama ng'ombe, mbegu za magugu hutoka zikiwa hai. Lundika, lowesha, funika kwa makuti, pindua kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu utaona kitu cheusi, chepesi, kisichonuka. Hicho ndicho cha kutia shimoni.

Pima pia umbali. Mwembe usiusogeze karibu na ukuta wa mawe na chokaa au birika la maji chini ya mita nane. Mlimau unatosheka na mita nne au tano, mkomamanga tatu. Ua wako ukiwa mdogo kuliko hivyo, panda mkomamanga na uufurahie, au ulee mlimau ndani ya nusu pipa lililotobolewa chini, mradi mahali hapo panapata jua saa sita kwa siku. Viwanda vingi vya mji mkongwe havipati, kwa vile kuta ni ndefu. Hesabu saa za jua kabla hujahesabu pesa.

Siku ya kuatika iwe ya mawingu, na kazi ifanywe baada ya alasiri. Nywesha mche asubuhi ili udongo wake ushikamane. Jaza shimo kwa ule mchanganyiko wako hadi ibaki nafasi ya kimo cha kiriba. Weka mche ndani ukiwa bado na kiriba chake, upitishe kijiti juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo, uangalie: uso wa udongo wa mche ulingane na kijiti au uwe juu yake kidogo, kamwe usiwe chini. Kiungo cha mwembe kibaki juu ya ardhi kiganja kizima. Kikifukiwa, tawi la juu litatoa mizizi yake lenyewe au shina litaoza.

Sasa utoe tena, uulaze kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Kwa wembe kata kiriba kuzunguka chini, kipande cha duara kitoke. Angalia kilichopo. Kama ncha za mizizi zimejikunja, zinyooshe kwa vidole, na zile zilizokwisha kuwa ngumu kama waya zikate kwa wembe huo huo. Mkato safi huota upya, uliochanika huoza. Urudishe shimoni mche ukiwa na kiriba kilichokatwa chini tu. Ukishakaa sawasawa, chana ubavu mmoja kutoka juu hadi chini, jaza udongo upande huo uushikilie, ndipo uchane ubavu wa pili na kuvuta plastiki polepole. Kwa njia hii bonge la udongo halipasuki, hata likiwa la mchanga mtupu, nalo ndilo lenye ile mizizi midogo kama nywele inayokunywa maji. Plastiki iliyobaki usiitupe mtaani. Punda wetu huila, ikawafunga matumbo, na wako waliokufa kwa ajili hiyo.

Shindilia kwa ngumi, usitumie kisigino. Tengeneza beseni la udongo kuzunguka shina, upana wa futi mbili, ukingo wake urefu wa vidole vinne. Mwaga ndoo nzima, polepole, kwa awamu tatu, hata kama wingu la mvua liko juu yako. Maji hayo hayakusudiwi kunywesha tu. Yanaziba mianya ya hewa iliyobaki kati ya udongo mpya na wa zamani. Mti wa kuegemea uwe umeuchomeka upande wa kusini kabla ya kujaza shimo kabisa, ili usichome mizizi; sasa ufunge mche kwa utepe wa kitambaa katika umbo la nane. Kusi ya Juni hadi Agosti hupiga bila kupumzika. Upande wa bahari simamisha pazia la makuti mpaka mti ushike.

Wako wasomaji ambao mti wao haumo kwenye kiriba. Umejiotea ukutani kutoka kokwa lililotupwa, au nyumba inaongezwa chumba na mkomamanga umo katikati ya msingi. Hapa uamuzi wa kwanza ni kama uhamishwe au uachwe. Mkomamanga, mpera na milimau huhama vizuri mpaka kimo cha mtu mzima. Mwembe wa kokwa uliokwisha kupita kiuno chako usiuhangaikie, kwa maana mzizi wake mkuu umekwenda chini kuliko utakavyochimba, na ukikatwa mti huishi kwa shida. Mpapai usihamishwe kabisa ukishakuwa na shina gumu; panda mbegu mpya, ndani ya miezi kumi utakuwa unakula.

Unaohamishika uandae wiki sita kabla. Pima kutoka shinani umbali wa shubiri moja na nusu kwa mti wenye unene wa kidole gumba, zaidi kwa mnene. Chora duara. Kata kwa koleo kali nusu ya duara hilo, kina cha koleo zima, kisha urudishie udongo na kumwagilia. Baada ya wiki tatu kata nusu ya pili. Mizizi iliyokatwa itachipua vijizizi vingi ndani ya duara, na hivyo ndivyo vitakavyosafiri na mti. Anayeng'oa kwa siku moja huacha mizizi karibu yote ardhini na kubeba fimbo yenye majani.

Siku ya kuhama, mti uwe umenyweshwa sana jana yake. Punguza majani kwa theluthi moja, ukitoa matawi ya ndani na yanayosongamana, na maua na matunda yote yatoe. Chimba nje ya duara, ingia chini yake, pitisha gunia kuukuu upande mmoja, uliinamishe bonge, ulivute gunia upande wa pili, ufunge kamba kama mzigo. Kwenye mchanga hii ni kazi ya watu wawili, na asiwepo anayevuta kwa shina. Shimo jipya liwe tayari, na mti ufike humo kabla ya Magharibi. Gunia la mkonge au la juti unaweza kulizika nalo, ukifungua shingo yake tu. Gunia la nailoni litoe.

Kisha inakuja kazi ambayo haina mashahidi, ya miezi kumi na miwili. Wiki mbili za kwanza, siku ambayo mvua haikunyesha, mwaga nusu ndoo kila siku ya pili. Baadaye ndoo nzima mara mbili kwa wiki, halafu mara moja. Wale wenye maji ya chumvi kidogo wasimwage kikombe kikombe kila jioni. Maji machache huishia juu, hukauka, na chumvi yake hubaki pale pale kwenye mizizi. Ndoo nzima kwa mara moja huisukuma chumvi chini. Mvua kubwa ya masika huosha bure, kwa hiyo mvua ikinyesha fungua beseni lijae.

Jifunze kusoma jani. Jani zima likilegea mchana na kuamka usiku, mti una kiu tu. Likibaki limelegea asubuhi wakati udongo umelowa, mizizi inazama, punguza maji. Ncha na kingo zikiwa kahawia kama zimepitiwa na moto, kuanzia majani ya zamani, hiyo ni chumvi, na dawa yake ni maji matamu mengi kwa mara moja, kisha kutafuta chanzo kingine.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa kaskazi ni mtungi. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, hata wenye mdomo uliomeguka, uuzike hadi shingoni umbali wa futi moja kutoka shinani, ujaze maji na kuufunika kwa kigae ili mbu wasizalie. Maji hutoka polepole kupitia ukuta wake, na mizizi huufuata na kuukumbatia. Mtungi wa lita kumi hukuruhusu kwenda Mombasa siku nne bila kumsumbua jirani.

Tandaza majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja, yasiguse shina, la sivyo unawaita mchwa. Mwani unaosukumwa pwani wakati wa kusi ni matandazo mazuri sana, lakini uache kwanza masika nzima ukioshwa na mvua. Zungushia miba ya mkunazi. Mbuzi mmoja kwa dakika tano na punda mmoja usiku mmoja humaliza mwaka wako wote. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yavunje yakiwa machanga, kwa sababu hayo ni ya kokwa na si ya ngowe uliyonunua. Na mwembe wako ukichanua mwaka wa kwanza au wa pili, kata maua hayo. Najua inauma. Mti unaobeba matunda kabla ya kujenga mizizi hulipa kwa kudumaa, na mwembe wa kupandikizwa uliotunzwa utazaa vizuri kuanzia mwaka wa tatu au wa nne.

Nina ombi moja kwa wenye mashamba ya zamani. Miembe mizee ya ngowe na dodo inakatwa kila mwaka kupisha nyumba na viwanja. Hiyo ni miti iliyoishi kwa maji haya haya na upepo huu huu kwa miaka mingi. Kabla msumeno haujafika, okota kokwa zake za msimu huu na umpelekee mwenye kitalu, akate na vikonyo vya matawi yanayozaa, avipandikize juu ya miche itakayoota kutoka kokwa hizo. Kokwa la mti uliozoea chumvi ndilo linalofaa kuwa mguu wa mwembe wa Lamu. Mwambie akuwekee miche miwili kwa masika ijayo, na umpe mmoja jirani mwenye kisima kitamu kuliko chako.